Kufufua nafasi za pamoja kwenye mitaa ya nyumba za umma: anza na maji, malizia na funguo

Ua wa pamoja katikati ya majengo ya nyumba za umma hauharibiki kwa siku moja. Chemba huziba, maji yakatuama kando ya ngazi, watu wakaanza kupita kwingine. Palipoachwa pakaota magugu, mmoja akatupa godoro bovu, mwingine akaegesha gari. Taa ikaungua na hakuna aliyejua amwambie nani. Miaka inapita, mradi unakuja na ndoo za rangi na mabenchi kumi. Baada ya muda mabenchi nayo yamevunjika, kwa sababu dimbwi bado lipo na taa bado haina mwenyewe.

Ndiyo maana hapa tunaanza na umiliki na maji, na tunamalizia na suala la nani anashika funguo. Mabenchi, bembea na miti vitapata nafasi yake katikati. Hatua zimepangwa kwa mfuatano wa kazi yenyewe. Ukiruka ya tatu, zote zinazofuata utazifanya mara mbili.

Hatua ya 1: Jua nafasi ni ya nani, na chini yake kuna nini

Chora ramani ya eneo kwa kipimo cha 1:200, yaani sentimita 1 kwenye karatasi ni mita 2 ardhini. Onyesha majengo, milango ya ngazi, madirisha ya ghorofa ya chini, miti, nguzo za taa, mabomba ya mvua yanayoshuka kutoka paani, na kila mfuniko wa chemba. Kisha nenda ofisi ya nyumba uombe michoro ya mabomba ya maji safi, maji taka na nyaya za umeme. Michoro ya majengo ya zamani mara nyingi hailingani na kilichopo, kwa hiyo kabla ya kuchimba msingi wowote chimba kwanza kishimo cha majaribio kwa beleshi, taratibu, hadi kina unachokusudia. Sururu ikikata waya au bomba kuu, utakuwa umepoteza imani ya wakazi siku ya kwanza.

Kwenye ramani hiyohiyo paka rangi tatu. Ya kwanza: nafasi za kila mtu, kama njia kuu na kiwanja cha kati. Ya pili: nafasi za ngazi moja, yaani mita chache mbele ya mlango unaotumiwa na kaya zilezile kila siku. Ya tatu: ukanda wa mita 1.5 hadi 2 chini ya madirisha ya ghorofa ya chini, ambao kiutendaji ni wa kaya inayolala pale. Hilo eneo la pili ndilo linalosahauliwa sana, na ndilo lenye nguvu kuliko yote. Watu hutunza sehemu ambayo wanaweza kuwahesabu wanaoitumia kwa majina.

Mtaa wa Pruitt-Igoe, St. Louis, Marekani, ulikuwa na majengo 33 ya ghorofa 11 na ulianza kukaliwa mwaka 1954. Ubomoaji ulianza mwaka 1972. Waliouchunguza waliona kwamba vibaraza vilivyotumiwa na kaya mbili tu vilikuwa safi, huku korido zilizotumiwa na kaya 20 zikiwa zimeharibika. Lakini usichukue nusu ya funzo. Fedha za matengenezo pale zilitoka kwenye kodi za wapangaji, na wapangaji walipopungua lifti, mabomba na taa vikakosa wa kuvitengeneza. Mpaka mzuri wa nafasi hauchukui nafasi ya fundi.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni barua. Ofisi ya nyumba iandike mambo matatu: kwamba imeruhusu kazi, kwamba itaendelea kulipia nini (maji, umeme, uzoaji wa taka), na kwamba maboresho haya hayabadilishi kodi wala mikataba ya wapangaji waliopo. Usidharau hilo la tatu. Watu wengi hukaa kimya mikutanoni kwa sababu wanaogopa kuwa mtaa ukipendeza wao watahamishwa. Na kama kuna wachuuzi wanaouza kando ya njia, waingize kwenye mpango kabla ya fundi kuanza kazi. Hao wapo hapo kutwa nzima, wanawajua watoto wote, na ukiwaondoa utakuwa umeondoa macho ambayo hakuna taa inayoweza kuyafidia.

Hatua ya 2: Hesabu kwanza, uliza baadaye

Chukua ramani yako, toa nakala, na uzunguke eneo kwa dakika 15 katika nyakati hizi: asubuhi watu wanapotoka, katikati ya asubuhi, adhuhuri, saa za watoto kutoka shule, magharibi, na baada ya chakula cha usiku. Fanya hivyo siku mbili za kazi na siku moja ya mapumziko. Kila mtu unayemkuta mwekee alama mahali alipo: mtoto, kijana, mtu mzima, mzee, mwanamke au mwanamume, na herufi moja ya anachofanya (A anapita, K amekaa, Ch anacheza, N ananika nguo). Siku tatu zinatosha kukuonyesha picha ambayo mkutano hautakupa: kwamba wazee wanakaa kwenye ngazi ya mbele kwa sababu ndipo kivuli kilipo saa kumi jioni, kwamba wasichana wa miaka 12 hawapo kabisa, kwamba njia ya sakafu inapita kulia lakini watu wote wamekanyaga kushoto.

Njia hiyo iliyokanyagwa ichore kwa wino mzito. Ni mchoro uliochorwa na miguu, na haukosei.

Baada ya hapo ndipo uitishe mkutano, tena uufanye hapohapo uani. Fanya mikutano miwili, mmoja jioni ya siku ya kazi na mwingine asubuhi ya mapumziko, kwa sababu wanaopika na kulea hawapatikani saa zilezile na wanaotoka kazini. Usiulize "mnataka nini". Utajibiwa uwanja wa mpira na maegesho, kwa sauti za watu watatu. Tandaza ramani kubwa chini, wape watu kokoto au vifuniko vya chupa, na uulize maswali yenye mahali ndani yake: wapi huwa unaogopa kupita usiku? Mtoto wako mdogo unamwacha acheze mpaka wapi? Nguo zako unaanika wapi, na zimewahi kuibiwa? Maji hutuama wapi? Kila ngazi ichague mjumbe mmoja na msaidizi wake, mmoja wao awe mwanamke.

Hatua ya 3: Maji

Hapa kaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Kumbuka hesabu moja: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita 120 za mraba likipata mvua ya milimita 40 linamwaga karibu lita 4,800, yaani mapipa 24 ya lita 200, ndani ya saa moja au mbili. Maji hayo yote yanashuka kwenye mabomba machache na kutua mguuni mwa jengo. Yasipopewa njia, yatajitafutia, na njia yanayoipenda ni ile watu wanayopita.

Siku ya mvua kubwa toka na chaki au vijiti, uweke alama kwenye kingo za kila dimbwi. Hakuna kipimo kingine kinachofikia hiki. Kisha pima mwinuko kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji, wa urefu wa mita 10 hadi 15. Ujaze maji mpaka viputo vyote vitoke. Shikilia ncha mbili kwenye vigingi viwili, na pale maji yanapotulia pande zote mbili ni usawa mmoja. Fundi mwenye mpira huu na mtu wa kumshikia ncha ya pili anaweza kupima ua mzima kwa asubuhi moja.

Viwango vya kufuata: sakafu yoyote inayogusa jengo iteremke kwenda nje sentimita 2 kwa kila mita. Mtaro uteremke angalau sentimita 1 kwa kila mita. Chini ya hapo mchanga hutuama na mtaro unakuwa bustani ya nyasi. Mtaro wa wazi wenye mdomo mpana na kina kifupi ni bora kuliko mwembamba wenye kina kirefu, kwa sababu unafagilika kwa fagio la kawaida na mtoto hawezi kuvunjia mguu ndani yake. Mifuniko ya zege mizito ambayo watu wawili hawawezi kuinyanyua haitanyanyuliwa kamwe, na mtaro usionyanyuliwa mfuniko ni mtaro uliokwisha kuziba.

Kabla ya kuamua maji yazame ardhini, pima kama ardhi inanyonya. Chimba shimo la sentimita 30 kila upande na kina cha 30. Lijaze maji, yaache yaishe. Lijaze tena, na mara hii pima yanashuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka zaidi ya sentimita 2.5 kwa saa, ardhi inafaa kwa bustani ya kunyonya mvua. Yakishuka chini ya sentimita 1, usiitegemee. Peleka maji kwenye mtaro. Mara nyingi tatizo ni ardhi iliyoshindiliwa na magari miaka mingi, na kuichimbua kina cha sentimita 30 na kuchanganya mboji hubadilisha kabisa matokeo. Rudia kipimo baada ya kuichimbua.

Bustani ya kunyonya mvua ni bonde la kina cha sentimita 15 hadi 20, lenye ukubwa wa karibu sehemu moja ya kumi ya paa au sakafu inayoimwagia. Kwa lile paa la mita 120 za mraba, bonde la mita 12 za mraba lenye kina cha sentimita 20 linabeba lita 2,400, yaani nusu ya ile mvua. Nusu nyingine lazima iwe na mlango wa kutokea kwenda mtaroni, uliowekwa mawe ili maji yasichimbe. Weka bonde angalau mita 3 kutoka kwenye msingi wa jengo, na mbali zaidi kama udongo ni mfinyanzi. Maji yawe yamezama ndani ya siku mbili. Yakibaki wiki nzima umefuga mbu, na wakazi watalifukia bonde lako kwa kifusi, tena wakiwa na haki.

Chemba za maji taka zinazofurika zitengenezwe kabla ya kitu kingine chochote kujengwa juu au karibu yake. Usikubali kuambiwa zitashughulikiwa baadaye. Na ukikuta vifusi vyenye vipande vya mabati ya asbesto, usivivunje wala kuvifagia vikavu. Vizungushie kamba na uitake ofisi ya nyumba ilete wenye utaalamu wa kuviondoa.

Hatua ya 4: Jaribu kwa chaki, kamba na matairi

Kabla ya kumwaga zege, chora mpango mzima ardhini kwa chokaa. Weka makreti panapokusudiwa mabenchi, kamba na matairi panapokusudiwa mpaka wa magari, turubai panapotakiwa kivuli. Acha wiki tatu au nne, kisha rudia ule mzunguko wa kuhesabu. Makreti yatahamishwa na watu. Yaache yalipohamishiwa, ndipo benchi linapotakiwa. Utagundua pia ugomvi mapema: benchi lililo chini ya dirisha la chumba cha kulala huleta malalamiko ndani ya siku tatu, na kulihamisha likiwa kreti hakugharimu kitu.

Hatua ya 5: Njia

Fuata njia iliyokanyagwa, hata kama si ya mraba. Upana wa mita 1.5 unatosha mtu na toroli la mtoto kupishana na mwingine. Njia kuu iwe mita 1.8. Pima pia gari la zimamoto na la taka yanapita wapi, na hapo pasiwekwe kitu kisichoondoleka.

Kwa njia ya zege ya upana wa mita 1.5 na unene wa sentimita 10, mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatoa karibu mita moja ya urefu. Mchanganyiko ni 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mfuko mmoja una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo tengeneza kasha la kupimia la lita 35: saruji mfuko, mchanga makasha mawili, kokoto makasha manne, maji lita 25 hadi 28. Mchanga ukiwa umelowa, punguza maji. Fundi atataka kuongeza maji ili zege lilainike na kazi iende haraka. Mzuie. Zege la majimaji huonekana zuri siku ile na kuanza kumeguka vumbi mvua chache baadaye.

Shindilia ardhi kwa tabaka zisizozidi sentimita 10 kama unatumia shindilio la mkono. Kata mstari wa kina cha sentimita 2.5 kwenye zege kila baada ya mita 1.5, ili likipasuka lipasukie hapo. Nyweshea zege siku saba, ukilifunika kwa magunia yaliyolowa au nailoni. Katika kazi za jumuiya hapa ndipo panapoharibika, kwa kuwa siku ya kumwaga watu ni 40 na siku ya tatu hakuna aliyeshika ndoo. Andika majina ya wanyweshaji saba kabla ya kuchanganya mfuko wa kwanza.

Matofali ya pevingi yana faida moja kubwa: bomba likipasuka unayafungua na kuyarudisha. Unene wa milimita 60 unatosha kwa waenda kwa miguu, 80 panapopita magari. Yalalie mchanga wa sentimita 3 hadi 5 juu ya changarawe iliyoshindiliwa, na pande zote mbili ziwe na kingo za zege. Bila kingo, matofali ya pembeni husogea, mchanga ukatoka, na njia nzima ikafumuka kama mkeka.

Panapo ngazi weka pia mteremko wa kiti cha magurudumu: urefu mara 12 ya kimo. Kimo cha sentimita 30 kinataka mita 3.6. Kimo kikizidi sentimita 75, kata katikati kwa jukwaa la mita 1.5 la kupumzikia. Mkono wa kushikia uwe sentimita 85 hadi 95 kutoka chini. Mteremko mfupi wa kupanda ghafla, uliojengwa kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo, ni hatari kuliko kutokuwepo kabisa.

Hatua ya 6: Pa kukaa

Kiti kiwe sentimita 43 hadi 45 kutoka chini, na kina cha sentimita 40 hadi 45. Kwa wazee lazima kuwe na egemeo la mgongo na mikono ya kujisukumia wanapoinuka. Benchi lisilo na mikono ni la vijana. Panga viti viwili viwili kwa pembe, watu waweze kutazamana, badala ya safu moja inayotazama ukuta. Acha nafasi ya mita 1 kando ya benchi kwa ajili ya kiti cha magurudumu.

Kuta fupi zenye kimo cha sentimita 45 na upana wa 30 au zaidi, zinazozunguka bustani au mchanga wa watoto, ndizo viti vya bei nafuu zaidi utakavyowahi kujenga. Mbunifu Aldo van Eyck, aliyeanza na kiwanja kimoja cha watoto Amsterdam mwaka 1947 na akaendelea hadi viwanja zaidi ya 700 jijini humo, aliyajenga masanduku ya mchanga kwa kingo pana za zege. Mtoto huoka keki zake za mchanga juu ya ukingo uleule ambao mama amekalia. Viwanja vingi aliviweka kwenye vipande vya ardhi vilivyobaki kati ya nyumba, bila uzio.

Hatua ya 7: Watoto na vijana

Wadogo wa chini ya miaka 5 wawe karibu na milango ya ngazi, mahali sauti ya mzazi inafika kutoka dirishani. Wakubwa wawe mbali kidogo. Kati yao weka pa kukaa, si uzio.

Bembea ndiyo inayopendwa na ndiyo inayoumiza. Mbele na nyuma yake acha wazi umbali mara mbili ya kimo cha boriti: boriti ikiwa mita 2.2, acha mita 4.4 kila upande. Chini weka mchanga laini wa kina cha sentimita 30, usio na udongo, na mfereji wa kuutolea maji. Mchanga hutawanyika pale miguu inapokwaruza, basi utifuliwe na kujazwa kila mwezi. Vifaa vingine viwe na mita 1.8 za wazi pande zote. Kwenye ngazi na kuta za kuchezea epuka mianya yenye upana wa kati ya sentimita 9 na 23: kiwiliwili cha mtoto kinapita, kichwa kinanasa. Kata vipande viwili vya mti vya vipimo hivyo utembee navyo ukikagua.

Uwanja wa mpira una tabia ya kumeza eneo lote na kuwabakiza wavulana peke yao. Mwishoni mwa miaka ya 1990 jiji la Vienna, Austria, lilitambua kwamba wasichana hupotea kwenye bustani za umma wakishafika umri wa miaka tisa hivi, na likapanga upya bustani kadhaa: nafasi kubwa moja ikagawanywa kuwa ndogo ndogo, zikaongezwa njia na viwanja vya michezo mingine. Fanya hivyohivyo. Uwanja wa mpira uwe na milango miwili au zaidi, usiwe katikati, na magoli yasielekee madirisha. Kando yake weka sehemu ya kukaa kwa makundi na bembea imara za watu wakubwa. Wasichana wa miaka 14 hupenda bembea, ila wanafukuzwa kwenye za watoto.

Hatua ya 8: Nguo, taka, magari

Kuanika nguo ni matumizi halali ya ua na yapewe mahali pazuri, penye jua na upepo, panapoonekana kutoka madirishani. Nguzo ziwe na kimo cha mita 2.2 juu ya ardhi na sentimita 60 ndani ya zege, zikiegemea nje kidogo, kwani nguo mbichi huzivuta ndani. Kamba ziachane sentimita 40.

Mapipa ya taka yakae juu ya sakafu ya zege yenye bomba la kuoshea, na maji yake ya kuoshea yaende kwenye maji taka, sio kwenye mtaro wa mvua. Yasiwe mbali sana na milango: kila mita ya ziada inaongeza mifuko itakayoachwa njiani. Yakiwa karibu mno na dirisha, kaya moja itayahamisha usiku. Mita 20 hadi 30 kutoka mlango wa ngazi ni umbali wa busara.

Magari yazuiwe kwa mawe makubwa au nguzo fupi zilizoachana mita 1.2 hadi 1.4. Kiti cha magurudumu kinapita, gari halipiti. Lakini hesabu magari yaliyopo usiku, uyatengee nafasi kwanza, la sivyo mawe yatang'olewa.

Hatua ya 9: Miti

Panda mvua zinapoanza, si siku ya uzinduzi. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi, lakini lisizidi kina chake. Shina lililofukiwa huoza taratibu na mti unakufa mwaka wa pili bila mtu kujua sababu. Matandazo ya sentimita 5 hadi 8, yakiachana na shina sentimita 10. Lita 20 mara mbili kwa wiki katika kiangazi cha kwanza. Mti mkubwa uwe angalau mita 6 kutoka ukutani. Mizizi huingia kwenye mabomba yanayovuja tayari, sababu nyingine ya kumaliza hatua ya 3 kwanza. Vichaka visizidi kimo cha goti pembezoni mwa njia, na matawi ya miti yakatwe hadi mita 2.2, ili anayepita usiku aone mbele na aonekane.

Kila mti upewe kaya, na kaya hiyo ikubali yenyewe.

Hatua ya 10: Taa

Milingoti ya mita 4 hadi 5, ikiachana mita 15 hadi 20 kwenye njia, inashinda taa moja kali ya juu ya jengo, ambayo hupofusha macho na kutengeneza kivuli cheusi nyuma ya kila kitu. Kipimo chake ni rahisi: simama hatua 15 kutoka kwa mtu usiku. Kama humtambui sura, mwanga hautoshi au umekaa vibaya. Weka taa na miti kwenye mchoro mmoja, la sivyo baada ya miaka mitano taa itakuwa inamulika majani.

Hatua ya 11: Funguo

Kabla kazi haijakabidhiwa, piga namba kwa rangi kila taa, benchi, bembea, bomba na chemba. Mkazi atasema "taa namba 4 haiwaki" na fundi atajua pa kwenda. Kisha andika karatasi moja, kurasa mbili tu, ibandikwe kwenye kila mlango wa ngazi: kila kitu ni cha nani kukitunza, anapatikanaje, na ndani ya siku ngapi. Kifaa cha watoto kilichovunjika kifungwe au kiondolewe siku ileile, hata kama matengenezo yatachukua mwezi.

Kazi zenyewe si nyingi. Kila wiki: kufagia mitaro na vichujio. Kila mwezi: kukaza nati za bembea na kutifua mchanga. Kabla ya mvua: kufungua kila chemba na kila mfuniko. Kila miaka miwili: rangi ya vyuma na mafuta ya mbao. Zinahitaji mtu anayelipwa, hata kwa saa chache kwa wiki. Kujitolea kunajenga ua, ila hakufagii mtaro mwaka wa nne. Tengeni kila mwaka sehemu ya kumi ya gharama ya ujenzi kwa ajili ya matengenezo, na kama haipatikani, jengeni kidogo zaidi. Akaunti iwe na sahihi mbili kutoka ngazi tofauti, na mapato na matumizi yabandikwe penye ile karatasi.

Funguo za bomba, sanduku la taa na stoo ya zana zishikwe na watu watatu wa ngazi tofauti, wanaopatikana saa tofauti. Ufunguo ukiwa kwa mwenyekiti peke yake, safari yake ya wiki mbili inakausha miti yote.

Mvua kubwa ya kwanza baada ya makabidhiano, tokeni na chaki kama mwanzo. Dimbwi likiwepo, lichoreni kingo, andikeni tarehe kando yake, na fundi aitwe kabla malipo yake ya mwisho hayajatolewa. Baada ya miezi sita rudieni mzunguko wa kuhesabu watu kwa karatasi zilezile, saa zilezile, muone kama wasichana wa miaka 12 wameanza kuonekana.